Mji Upi, Mzee?

Naanza kwa kukiri mwenyewe ili msije mkaisikia kwa watu wakaitia chumvi: ni kweli, mimi Yasini, fundi simu wa hapa Ujiji, niliwahi kukaa mbele ya ukoo mzima wa mchumba wangu, nimevaa kanzu ya kuazima, ikasomwa kwa sauti kwamba nimemuua baba mkwe kwa njaa. Baba mkwe mwenyewe alikuwa hapo hapo kwenye mkeka anasikiliza, tena ameshiba. (Mnaotaka kucheka chekeni, lakini mimi ilinichukua muda mrefu kufika kwenye kicheko, na mpaka leo nikienda Ilagala kofia naishusha mpaka kwenye nyusi.)

Mnaujua ugonjwa wangu wa ule mchezo wa kujenga mji. Kwa asiyeujua, unapewa pori tupu na mto, hazina yenye sarafu kidogo, na vibarua wachache wamesimama wanakutazama kama watu wanaosubiri mshahara, na kweli wanasubiri mshahara. Hapo ndipo wengi wanapoangukia pua. Mtu akiona hela anakimbilia kujenga nyumba, nyumba zinaleta watu, watu wanataka kula, chakula hakuna, hazina imekauka, vibarua wanasusa kazi, na mji unakufa hata barabara haujapata. Mimi nilikuwa na siri yangu, niliyoipata baada ya kuua miji mingi huku simu za wateja zikinisubiri mezani: samaki kwanza. Vibarua karibu wote nawapeleka mtoni kuvua na kukausha, wawili tu wanakata kuni, nyumba sijengi, wakilala nje walale nje, hazina siigusi, na anayekuja kuomba kazi namwambia arudi baadaye, kwa sababu humo ndani asiye na kazi anakula sawasawa na mwenye kazi. Ghala likijaa ndipo naanza kujenga, na hapo hanishiki mtu.

Hanishiki mtu isipokuwa Meya. Meya ni kinyozi, jina lake Sudi, ila tulimbandika umeya kwa sababu miji yake inakuwa mikubwa mno, ingawa huanza kwa kuhangaika. Mwisho wa mwezi ule tulikuwa tumepanga mashindano kimya kimya, vijana wa Ujiji na wa Mwanga, kila mmoja aanze mji mpya na hazina ile ile, atakayekuwa na watu wengi baada ya wiki achukue skrini kubwa ambayo sote tulichangia kununua. Ile skrini nilishaitafutia na msumari ukutani. Nilijua kabisa kwamba Meya akiijua siri ya samaki, msumari utabaki mtupu.

Sasa wakati huo huo nilikuwa naposa. Mchumba wangu Rehema ni mwalimu wa shule ya msingi, kwao Ilagala, baba yake Mzee Rajabu ni mtu wa mawese na wa mitumbwi, na barua ya posa ilikuwa imeshapelekwa na Baba Mdogo wangu ila jibu lilikuwa halijarudi. Nilimpenda Rehema (nampenda bado, asije akasoma hapa akanuna) kiasi kwamba hata kwenye mchezo vibarua niliwabadilisha majina, yale ya kigeni yalikuwa yanakwama mdomoni, nikawapa majina ya ukoo wake. Mzee Rajabu nikamfanya mvuvi. Shangazi Mwavita, dada yake mzee, mwanamke wa maneno, nikampa kazi ya kuchota maji. Rehema mwenyewe nikamweka tu, awepo, bila kazi yoyote. Yalikuwa mapenzi, wala sikuwa na nia mbaya.

Rehema akaniambia siku moja, "Baba atatuma mtu akuchunguze kabla hajajibu. Hutamjua. Wewe ishi kawaida tu."

Jamani, mtu kama mimi ndiyo wa kuambiwa maneno hayo? Mimi ni mtu wa kushuku. Mteja akinilipa noti mpya naimulika juani, akinilipa noti chakavu namtazama yeye. Tangu siku hiyo kila aliyepita mbele ya kibanda changu nilimpima kwa macho, huyu ndiye, huyu siye, mpaka akatokea bwana mmoja mwenye koti la bluu na begi, anakuja kila jioni kuchaji simu, mpole, ananiuliza biashara ikoje. Nikasema moyoni, nimekupata. Nikawa namwagizia chai na chapati kwa hela yangu, akishaketi napiga simu nyumbani kwa sauti ya kutosha mtaa, "Mama, ile hela ya dawa umeipata?", na adhana ikilia namwacha na chapati yake naelekea msikitini mwendo wa kuonekana. Alikula chapati zangu karibu mwezi. Baadaye sana nilikuja kujua begi lile lilikuwa na sumu ya panya, alikuwa anatembeza anauza, na kwenye posa yangu hakuwa na habari yoyote.

Aliyetumwa kweli alikuja asubuhi moja akiwa na kandambili miguuni na simu ndogo ya kitochi mkononi, mzee mfupi mwenye ndevu nyeupe, lafudhi ya Kiha imejaa.

"Mwakeye," akasema.

"Mwakeye, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Simu yangu hii haisikii vizuri, hebu nitazamie."

Nikaifungua, nikaipuliza, nikapiga, nikapokea. Ilikuwa nzima kuliko yangu. Nikamwambia haina ugonjwa wowote, mzee, akasema sawa, akaketi kwenye benchi. Mtu simu yake haina ugonjwa, kwa nini anaketi? Halafu nikakumbuka kitu kilichonisimamisha nywele: huyu mzee nilikuwa nimemwona asubuhi ile ile, wakati nafungua kibanda, anatoka kwa Meya. Ametoka kwa kinyozi na ndevu zake zote.

"Nasikia unaanzisha mji," akasema.

Nikaweka bisibisi chini. "Nani amekwambia?"

"Watu wanasema. Mji siyo jambo la kuficha, mwanangu. Unategemea kuanza lini?"

"Mwisho wa mwezi, Mungu akipenda."

"Hela ya kuanzia ipo?"

"Ipo kidogo."

"Na watu wa kukusaidia kazi?"

"Wachache."

Akavuta benchi karibu kabisa na meza yangu. "Sasa utaanza na nini?"

Niambieni ukweli, ninyi mngewaza nini? Swali lile lile la siri yangu, neno kwa neno, kutoka mdomoni mwa mzee aliyetoka kwa Meya bila kunyolewa! Na mimi ni Mmanyema wa hapa hapa Ujiji, mji kwangu ni mji, wenye soko na stendi na watu wa kugombana nao. Haikunijia hata kidogo kwamba kwa wazee wa Kiha kama yeye, mtu akisema mji wake anasema nyumba yake, mke wake, watoto, wanaomtegemea, na kwamba kuanzisha mji ni kuoa. Mzee aliniuliza habari za ndoa yangu kwa heshima zote. Mimi nikasikia jasusi.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema mzee hayo ni mambo yangu, tukaishia hapo. Lakini nikajiona mjanja, nikaamua nimpe majibu ya kumpoteza Meya mpaka asijue kushoto wala kulia, na uamuzi huo mdogo ndio ulioniangamiza.

"Naanza na nyumba," nikamwambia. "Nyumba nyingi. Hela yote naimaliza siku ya kwanza."

"Yote?"

"Yote. Na katikati naweka sanamu, mji upendeze."

Mzee akapangusa jasho. "Na chakula?"

"Chakula kitajileta chenyewe."

Nilimwona anavyoshangaa, nikafurahi, nikasema hii imeingia, sasa akampelekee tajiri wake. Na alirudi, siku ya pili na ya tatu, na kitochi chake kizima, na kila akirudi uso umezidi kukunjamana na maswali yamezidi kuwa ya ndani, nami nikazidi kuyapamba. Akaniuliza wanaonitegemea nitawalipaje jasho lao, nikasema siwalipi, wakilalamika naongeza kodi. (Hapo alirudia, "kodi?", kwa sauti ndogo sana.) Akaniuliza wazee nitawatunzaje, nikamwambia wazee hawafanyi kazi na wanakula bure, kwa hiyo nawaacha waondoke wenyewe. Mwisho akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayemtafutia mwenzake njia ya kutokea, "Na mji ukikushinda, mwanangu?"

"Nauacha, naanzisha mwingine," nikasema. "Nimeshafanya hivyo mara nyingi."

Akainuka, akasema asante, akasahau hata kitochi, ikabidi nimkimbilie nacho. Na mimi kwa akili zangu nikaona maneno peke yake hayatoshi, jasusi mzuri anataka kuona kwa macho. Kwenye tableti yangu nikauchukua mji wangu mzuri, ule wenye ghala limejaa na ukoo wa Rehema umenenepa, nikatengeneza nakala yake, na nakala hiyo nikaiharibu kwa makusudi sawasawa na uongo wangu: nikawatoa watu wote mtoni, nikauza samaki, nikamaliza hazina, nikajenga sanamu tatu. Nikauacha wazi juu ya meza ili mzee akija tena aukute. Hakuja tena. Mji wa uongo ukabaki humo tableti unaoza peke yake.

Kabla ya mashindano tukaitwa Ilagala. Baba Mdogo alinipigia simu sauti yake haina raha. "Wamesema nije na wewe mwenyewe," akasema. "Mimi nimeposea watu wengi, Yasini, sijawahi kusikia kijana anaitwa kabla ya jibu." Nikasema labda wamenipenda, akakata simu.

Tulipofika hali ilikuwa imebadilika rangi. Wanaume wamekaa kwenye mikeka uani, wanawake wamejaa kibarazani upande wa pili, harufu ya samaki wa migebuka na mawese inatoka jikoni lakini hatukuletewa hata maji ya kunywa, na mgeni wa ukweni asipopewa maji Kigoma hii, ajue kesi imeshasikilizwa bila yeye. Nikawa nawatazama mmoja mmoja, nani amenisemea, nani anakwepa macho yangu, na macho yangu yakafika kulia kwa Mzee Rajabu, yakagota. Zile ndevu nyeupe. Yule mzee wa kitochi.

Nikawaza nini? Nikawaza Meya amenifuata mpaka ukweni! Skrini moja tu, mtu anatuma jasusi aje aniharibie na ndoa! Hasira zikanipanda, sikumsubiri Baba Mdogo, mshenga wangu, aseme, nikanyoosha kidole mbele ya watu wazima wale.

"Wazee wangu, samahani, kabla hatujaanza. Yule mzee pale simwamini. Yule ametumwa."

Baba Mdogo akanivuta kanzu (ya watu, ikachanika kwapani, nilikuja kuilipia). Mzee Rajabu akanitazama kwa utulivu.

"Ni kweli ametumwa," akasema. "Nimemtuma mimi."

Yule alikuwa Mzee Kasimu, rafiki yake wa tangu ujana na jirani yake, ndiye aliyemwamini kuliko wote kumtazamia mtu wa kumpa binti yake. Na Mzee Kasimu akaanza kutoa taarifa, kichwani tu, hakusahau hata nukta.

"Nilimuuliza mji wake atauanzaje, akasema hela yote ataimaliza siku ya kwanza, na katikati ataweka sanamu."

"Sanamu?" akauliza mzee mmoja. "Nyumbani?"

"Sanamu. Nilimuuliza chakula, akasema kitajileta. Nikamuuliza wanaomtegemea, akasema hawalipi, wakilia anawatoza kodi. Wazee anawaacha waondoke wenyewe. Na mji ukimshinda anauacha, anaanzisha mwingine, na ameshafanya hivyo mara nyingi."

"Mara nyingi!" Hiyo ilitoka kibarazani, sauti ya Shangazi Mwavita. "Kwani huyu ameacha wake wangapi?"

Ndipo nilipoelewa. Mji! Nilielewa kwa mpigo mmoja, swali moja baada ya jingine likageuka sura kichwani mwangu, na badala ya kulia nikafanya kosa la pili la siku hiyo, nikacheka. Nilicheka peke yangu mbele ya ukoo mzima uliokasirika, na kila nilivyojizuia ndivyo kilivyotoka puani.

"Wazee, ni mchezo!" nikasema. "Mji wa kwenye mchezo! Nilidhani mzee anauliza mji wa humu," na nikachomoa tableti kwenye mfuko (ndiyo, nilikwenda nayo ukweni, usiniulize). "Mtauona wenyewe. Nimewaweka wote humu, mmenenepa, mna ghala, mna kila kitu. Baba ni mvuvi hodari kabisa."

Wakajongea. Hata wanawake wakashuka barazani. Mzee Rajabu akavaa miwani. Na mimi nikafungua ule mji uliokuwa umefunguliwa mara ya mwisho.

Mnakumbuka ulikuwa upi.

Skrini ikawaka na moshi. Nyumba zinaungua, sanamu tatu zimesimama katikati, watu wamelala njiani, na juu likatokea tangazo jekundu la Kiingereza lililojaza kioo kizima. Nikajaribu kulifunga, halifungiki. Mzee Rajabu akalitazama, akageuza shingo.

"Rehema! Njoo utusomee hapa pameandikwa nini."

Rehema akaja, khanga kichwani, hakuniangalia. Ningempa kibanda changu chote asisome, nilimkonyeza, nilimkodolea macho, lakini Rehema ni mwalimu, na mwalimu akipewa maandishi anasoma yalivyo.

"Imeandikwa," akasema, "Mzee Rajabu, mvuvi, amekufa kwa njaa."

Nikabonyeza ili lifungwe, kumbe nimeita la pili.

"Mwavita, mchota maji, amehama mji. Sababu, hajalipwa."

"Sijalipwa?" Shangazi akaniangalia juu mpaka chini. "Kumbe na mimi umenichotesha maji bure?"

Nikabonyeza tena. La tatu Rehema alilisoma polepole, sauti imeshuka.

"Rehema. Hana kazi. Hana makazi."

Akanirudishia tableti. Akarudi kusimama na wanawake, na mimi kile kicheko chote kikaisha. Kwenye mji mzuri pia, nikakumbuka, nyumba ya Rehema nilikuwa sijaijenga, ghala lilishajaa, mimi bado nilikuwa naongeza samaki.

Nikawaeleza wazee yote, mashindano, Meya, ndevu, uongo, nakala, maneno yananitoka bila mpangilio huku Baba Mdogo ameshika kichwa. Baadhi walianza kutabasamu, nikaona labda nitatoka salama. Mzee Rajabu hakutabasamu.

"Kwa hiyo huu mji wa njaa uliutengeneza wewe, kwa mikono yako, ili kumdanganya Kasimu?"

"Ndiyo, baba. Nilidhani ametumwa na—"

"Kufa njaa kwenye kioo hakunisumbui, mimi nimeshakula." Akavua miwani. "Mtu wa umri wa baba yako alikuja kibandani kwako, akakusalimia, akakuuliza maneno ya heri siku tatu, na wewe siku tatu ukakaa unamtungia uongo, mpaka ukautengenezea na picha. Tena haukukutoa hata jasho. Kesho binti yangu akikuuliza umetoka wapi, mimi nitajuaje unamjibu kwa mji upi?"

Nawaambia ukweli, iliniuma kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimeshamshuku kila mtu mjini, haikunipitia kichwani kwamba wa kushukiwa ni mimi. Niliona kabisa ndoa inavyoondoka. Baba Mdogo alishaanza kuvaa viatu.

"Baba," akasema Rehema kutoka kule kwa wanawake. "Naomba Mzee Kasimu arudi amuulize tena. Maswali yale yale. Akidanganya hata moja, mimi mwenyewe nitakataa, sitasubiri kukatazwa."

Shangazi Mwavita akasema arudi, ila safari hii apewe na chai, na Mzee Rajabu akasema sawa. Tuliondoka bila kula wale migebuka.

Siku chache baadaye Mzee Kasimu akaja kibandani, kandambili zile zile, kitochi kile kile. Nikampa chai na chapati mbili (bwana wa sumu ya panya akabaki anashangaa mbona yeye hapewi). Akanywa, akafuta ndevu.

"Mwanangu, mji wako utauanza na nini?"

"Mji upi, mzee?"

Akaweka kikombe chini. "Yote miwili."

Basi nikafunguka. Nilimweleza chumba changu cha kupanga kinavyovuja, mama ninayemtunza, mdogo wangu ninayemsomesha, tabia yangu hii mbaya ya kushuku watu, na kwamba hela ya kumlisha Rehema kila siku ipo ila ya kumjengea bado. Na kwa vile niliogopa kuficha hata kidogo, nikamweleza na mji wa pili wote: vibarua mtoni, wawili kwenye kuni, hazina usiiguse, nyumba usijenge, mtu mpya usimpokee mpaka samaki wajae ghalani. Nikachukua na tableti nikamwonyesha hatua kwa hatua. Alisikiliza kwa makini kuliko mteja yeyote niliyewahi kuwa naye.

"Chakula kwanza," akasema akiinuka. "Hilo nimelipenda. Hilo nitalisema."

Na alilisema. Jibu la posa likarudi la heri, na faini ndogo ya mbuzi mmoja kwa kosa la kumfisha mkwe na kumchotesha shangazi maji bure. Mbuzi nilimpeleka mwenyewe mpaka Ilagala, nikiwa na furaha kama mtoto, nikaapa sitamshuku tena mtu yeyote katika maisha yangu.

Kiapo hicho kilidumu mpaka siku ya kwanza ya mashindano. Tulikaa wote pale kinyozini kwa Meya, kila mtu na kioo chake, nikampeleka Mzee Rajabu mtoni na wenzake, nikatulia, nikachungulia kwa Meya kumwonea huruma. Vibarua wa Meya walikuwa mtoni. Wawili kwenye kuni. Hazina haijaguswa.

Nikamtazama, naye akanitazama, akacheka kwa upole kabisa.

"Mjomba anakusifu sana," akasema.

"Mjomba gani?"

"Mzee Kasimu wa Ilagala, kaka yake mama. Si huwa akija mjini anafikia kwangu? Tangu juzi hana hadithi nyingine, kuna kijana anaoa, anaanza na samaki, hela haigusi. Mimi nikamuuliza, mjomba, huyo kijana ana vibarua wangapi kwenye kuni?"

"Na ndevu?" nikauliza. "Mbona hujawahi kumnyoa?"

"Mjomba hanyoi. Anakuja kwa chai tu."

Yaani nilikuwa sahihi! Tangu mwanzo! Mzee yule maneno yangu alikuwa anayapeleka kwa Meya kweli, ila bila kujua na bila ubaya wowote, na siku nilipoacha kumshuku ndiyo siku aliyoibeba siri yangu nzimanzima. Meya kwa kukuza mji hana mpinzani, tatizo lake lilikuwa mwanzo tu, na mwanzo nilishampa mimi. Skrini aliitundika pale pale kinyozini kwake, nikienda kunyolewa naangaliana nayo.

Tulipokwisha kuoana nikamsimulia Rehema chumbani kwetu, nikitegemea anionee huruma. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwa hiyo ungeendelea kudanganya ungeipata skrini," akasema.

"Ningeipata."

"Halafu ungeitazama na nani?"

Nikaenda kuweka ndoo chini ya pale panapovuja.

Basi ndugu zangu, nimekoma. Mtu yeyote akinitajia mji siku hizi, awe mteja, awe mtu wa kodi ya kibanda, awe mtoto, siongezi neno mpaka nimeuliza mji upi. Na sijashinda mashindano hata moja tangu hapo, kwa sababu ninapoanza mji mpya, kabla ya samaki, kabla ya kuni, nachota kwenye hazina ile ndogo najenga nyumba moja ya Rehema. Ni kosa, najua ni kosa, hazina inayumba na vibarua wananung'unika mwezi mzima, Meya anapita ananitazama anatikisa kichwa. Lakini siwezi kuusoma tena ule mstari wa tatu.

Na baba mkwe akija kututembelea, viatu bado vipo miguuni, hajapewa hata maji, anaanza na swali moja.

"Mimi humo bado mzima?"

Namfungulia, anavaa miwani, anajitafuta mtoni mpaka ajione anavuta nyavu, ndipo anakaa.